Bustani ndani ya kioo: mwongozo kamili wa kutunza mimea hai kwenye tangi la samaki

Tangi langu la kwanza la mimea nililiweka dirishani, upande wa jua la asubuhi, Dar es Salaam, mwezi wa Januari. Nilikuwa nimesikia kwamba mimea inataka mwanga, basi nikaipa mwanga. Wiki ya tatu maji yalikuwa kama mlenda, kipimajoto kinasoma nyuzi 33, na ile mimea niliyoibeba kwa mbwembwe kutoka dukani imebaki vijiti. Samaki walipona. Mimea haikupona hata mmoja.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mwanga si zawadi kwa mmea, ni amri. Ukiwasha taa umeuamuru mmea ukue, na mmea ukikua unadai chakula na hewa ukaa. Visipokuwepo, unasimama na kuanza kujila wenyewe, huku mwani, ule ukoga wa kijani usio na makuu, ukineemeka kwa mwanga uliobaki bila mtumiaji. Karibu kila tangi lililoharibika ambalo nimeitwa kuliangalia lilikuwa na taa nyingi, chakula kidogo na mwenye haraka. Kwa hiyo mengi utakayosoma hapa yanahusu kuuzuia mkono.

Mfano wangu utakuwa tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35, linalobeba lita 60 hivi. Ni kipimo ambacho fundi vioo yeyote anakijua, na maji yake ni ya kutosha kustahimili kosa moja au mawili.

Hatua ya 1: Chagua mimea kabla ya kitu kingine

Watu huanza na kioo, wakanunua taa, ndipo wakaenda kuuliza "mna majani gani?" Geuza mpangilio huo. Mmea ndio unaoamua taa, mchanga na kazi utakayoifanya kila wiki.

Kwa anayeanza napendekeza minne tu. Wa kwanza ni Ceratophyllum demersum, mmea usio na mizizi, wenye shina refu na majani membamba yaliyopangika kama brashi ya kuoshea chupa. Unaota wenyewe Ziwa Victoria, Naivasha na kwenye mabwawa mengi ya kwetu. Hauhitaji kupandwa, uachie uelee tu. Unakua kwa kasi ya ajabu, unafyonza uchafu wa samaki na kuwanyima mwani chakula. Sura yake si ya kujivunia, lakini kwa kazi sijaona mwenzake.

Wa pili ni valisneria, yenye majani marefu kama utepe. Hii nayo ni ya nyumbani: iko Tanganyika, Nyasa na Victoria, na kwa sababu imezoea maji magumu ya Tanganyika haisumbuliwi na maji ya kisima yanayokwamisha mimea mingine. Huzaa kwa kutambaa, kama marando ya viazi: mama anatoa kikonyo, kikonyo kinatoa mtoto, na baada ya miezi michache ukuta wa nyuma wa tangi umefunikwa. Mmea huu una historia yake pia. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington wa London aliwaeleza wanakemia wenzake jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu kwenye chombo chenye valisneria. Majani yalipooza maji yakachafuka. Akaongeza konokono wa kuyala, mambo yakatulia. Ndilo tangi letu hilohilo, mmea uleule, na tatizo la majani yaliyooza bado tunalo.

Wa tatu ni anubia, hasa Anubias barteri ile fupi iitwayo nana. Asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati. Majani yake ni magumu kama ngozi, samaki wengi hawayagusi, na kivuli hakiusumbui. Hukua taratibu mno; jani moja kwa mwezi ni kawaida, usidhani unaumwa. Wa nne ni kangaga la Java, Microsorum pteropus, wa Asia ya Kusini Mashariki, ambao huotesha watoto juu ya majani yake yenyewe.

Hawa wawili wa mwisho wana sharti moja, na kulivunja ndiko kunakowaua zaidi ya kitu chochote. Wana shina nene linalolala, mfano wa tangawizi, majani yakitokea juu na mizizi chini. Shina hilo lisifukiwe mchangani, litaoza. Lifunge kwa uzi wa pamba juu ya jiwe au gogo. Uzi ukija kuoza, mizizi itakuwa imeshika.

Ukishapata uzoefu ongeza kriptokorine za Sri Lanka, au yungiyungi mdogo kama una kina cha kutosha. Mimea myekundu na ile midogo inayotandaza zulia chini iache kwanza. Picha zake zinavutia, lakini zulia lile linaishi kwa taa kali na mtungi wa hewa ukaa.

Tahadhari dukani: kuna mimea ya nchi kavu inayouzwa ikiwa imezamishwa. Ile inayoitwa mianzi ya bahati, ambayo wala si mianzi bali ni jamii ya dracaena, itasimama majini wiki kadhaa ikionekana mzima, kisha inaoza kuanzia chini. Kipimo cha haraka: toa mmea majini. Mmea uliolelewa majini hulegea kama kitambaa, kwa kuwa siku zote maji ndiyo yaliyoubeba. Anubia haiingii kwenye kipimo hiki, maana inasimama wima popote.

Ukichota mwenyewe ziwani au bwawani

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu miongozo mingi ya ughaibuni haina sababu ya kuligusa. Majani ya majini kwenye maziwa na mabwawa yetu ndiyo makazi ya konokono wa Biomphalaria na Bulinus, ambao hubeba kichocho. Kuingia maji mpaka magotini ukikusanya majani ni njia nzuri ya kukipata. Kama lazima uchote, tumia fimbo yenye ndoano ukiwa nchi kavu, na vaa glavu ndefu za mpira na buti. Ukifika nyumbani, ukiwa bado na glavu, kagua kila shina na toa kila konokono pamoja na mayai yake, yale yanayoonekana kama vitone vya gundi inayong'aa.

Kisha loweka mimea kwenye maji yenye shabu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, usiku kucha, halafu suuza mara mbili tatu. Kimelea kinachotoka kwa konokono na kuingia ngozini hakivuki siku mbili kikiwa peke yake majini, kwa hiyo iweke mimea kwenye ndoo safi siku tatu nyingine na uangalie kama kuna konokono aliyekuponyoka. Dawa ya kung'arishia nguo watu huitumia pia, lakini inaunguza valisneria na Ceratophyllum. Mimi hubaki na shabu.

Konokono waliozaliwa ndani ya tangi lako hawana hatia. Konokono haambukizwi kichocho mpaka kinyesi au mkojo wa mgonjwa ufike kwenye maji yake, na natumaini kwako haufiki.

Hatua ya 2: Mahali na sakafu

Weka tangi mbali na jua la moja kwa moja, juu ya meza isiyoyumba. Likijaa pamoja na mchanga litakaribia kilo 80. Chini yake tandaza kipande cha sponji au godoro jembamba ili kioo kisilalie kokoto.

Kwa sakafu una njia mbili. Ya kwanza ni mchanga mtupu wa mtoni, wenye chembe za milimita 1 hadi 3, uoshwe mpaka maji yatoke safi. Utandaze sentimita 5 mbele na 7 nyuma. Usitumie mchanga wa baharini. Una chumvi na vipande vya makombe vinavyoyafanya maji kuwa magumu. Ukiwa na shaka dondoshea siki: ukitoa mapovu, una chokaa.

Njia ya pili, ambayo naipenda zaidi kwa mimea yenye mizizi mikubwa, ni udongo chini na mchanga juu. Chukua udongo wa bustani usio na samadi wala mbolea ya dukani, uchekeche, uloweke na kumwaga maji yake mara tatu kwa siku tatu. Tandaza sentimita 2 tu, kisha funika kwa sentimita 3 hadi 4 za mchanga. Udongo huo utailisha mizizi miezi mingi bila wewe kufanya lolote. Gharama yake ni kwamba huwezi kung'oang'oa mimea kila siku, maana ukivuta, tope linapanda na tangi zima linakuwa chai ya maziwa.

Ukichagua mchanga mtupu, tengeneza vidonge vya udongo mfinyanzi mwekundu, ukubwa wa gololi, uvikaushe juani na kufukia kimoja karibu na mizizi ya kila mmea mkubwa. Wekundu ule ni madini ya chuma.

Hatua ya 3: Maji

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24 na nyingi itaondoka, hasa ukiweka pampu ya hewa ndani. Ila kama mamlaka ya maji ya mji wako inatumia kloramini, hiyo haiondoki kwa kusubiri. Nunua dawa ya kutoa klorini kwa wauza samaki wa mapambo.

Kisima ni habari nyingine. Maeneo mengi ya Pwani visima vina chumvichumvi, na vingine vina chokaa nyingi. Hakuna haja ya maabara kuanza: sabuni ya kipande isipotoa povu, au birika likishika ukoko mweupe, maji yako ni magumu. Kwa maji hayo valisneria na Ceratophyllum watafurahi, kwa sababu wanaweza kuvuta kaboni kutoka kwenye baikaboneti iliyomo, uwezo ambao mimea mingi haina. Ukitaka kuyalainisha, changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua. Mvua ya kwanza kabisa iache ioshe bati, kinga ya pili.

Kuhusu joto, mimea mingi inapenda nyuzi 22 hadi 28. Nairobi mwezi Julai utahitaji kipasha maji kwa ajili ya samaki kuliko mimea. Dar na Mombasa shida ni kinyume. Maji ya nyuzi 32 hubeba oksijeni pungufu kuliko ya nyuzi 25, kama miligramu 7.3 kwa lita dhidi ya 8.3, na mimea nayo usiku inatumia oksijeni kama samaki. Ondoa kifuniko, elekeza feni ndogo juu ya maji, na yatashuka nyuzi 2 au 3. Utakachopoteza ni maji yanayokauka. Ongeza maji laini, si ya chumvi, maana chumvi haikauki pamoja na maji na italimbikizana.

Hatua ya 4: Kupanda

Jaza maji sentimita 10 tu kwanza, ukiyamwagia juu ya sahani ili yasichimbue mchanga. Kata mizizi ibaki sentimita 3 au 4. Mizizi mirefu hujikunja shimoni na kuoza. Toa kila jani lenye doa. Valisneria ishike mahali mizizi inapokutana na majani, izamishe zaidi kidogo ya inavyotakiwa, kisha ivute juu taratibu mpaka sehemu ile nyeupe ionekane juu ya mchanga. Ikizama shingo, inaoza.

Panda mingi siku ya kwanza. Narudia, kwa sababu watu hubana hela hapa: panda mingi siku ya kwanza. Tangi lenye miche mitatu kwenye kona ni shamba lililoachiwa magugu. Jaribu kufunika nusu ya sakafu. Kama fedha haitoshi, jaza pengo kwa Ceratophyllum, ambao ni wa bei ndogo, kisha uupunguze wengine wakishika.

Hatua ya 5: Taa

Kwa mimea niliyoitaja, taa ya LED ya wati 9 hadi 12 inatosha tangi la lita 60. Ndiyo, ile ya kawaida ya sebuleni, nyeupe ya mchana, iliyoandikwa 6500K kwenye boksi. Inatoa kama lumeni 900 hadi 1,200, yaani lumeni 15 hadi 20 kwa kila lita. Hiyo ni taa ya upole, na upole ndio tunaoutaka. Ifunge kwenye kihifadhi kisichorukiwa na maji, na waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Anza na saa 6 kwa siku. Mimi huwasha saa 10 jioni na kuzima saa 4 usiku, kwa sababu ndipo niko nyumbani kuangalia. Mmea haujali kama nje kumekucha au kumeshatua. Unajali usiku wake usikatwe. Baada ya mwezi, kama majani mapya yanatoka na kioo ni safi, panda hadi saa 7, kisha 8. Sijawahi kuona tangi la namna hii lililohitaji zaidi ya 8.

Utasema: ziwani jua liko saa 12, mbona mimea haifi? Ziwani maji ni mengi, chakula kinaletwa na mito, na mwani una walaji maelfu. Wewe una ndoo tatu za maji na samaki wanane.

Nunua swichi ya saa, lakini jihadhari na ile ya kuzungusha kwa mkono. Umeme ukikatika nayo inasimama, na ukirudi inaendelea pale ilipoishia. Katika mwezi wa mgao yangu iliwahi kusogea mpaka taa ikawa inawaka saa 7 usiku, na nikapoteza siku mbili nikitafuta ugonjwa ambao haukuwepo. Ile yenye betri ndani hutunza saa.

Hatua ya 6: Wiki sita za kwanza

Sasa ndipo watu hukata tamaa. Wiki ya kwanza na ya pili majani yatayeyuka. Mashamba mengi ya mimea hii huikuza mizizi ikiwa majini na majani hewani, kwa kuwa hukua haraka zaidi hivyo. Ukiizamisha, majani ya hewani hayawezi kazi ya majini. Mmea unayaacha na kuotesha mengine, membamba na laini zaidi. Kriptokorine ndio mabingwa, wanaweza kuisha wote mpaka ubaki mchanga mtupu. Usiwang'oe! Mizizi ikiwa migumu na myeupe, baada ya wiki mbili tatu utaona ncha zinachungulia. Kazi yako ni kutoa majani yaliyooza yasichafue maji.

Wakati huohuo utaona vumbi la kahawia kwenye kioo na majani. Ni mwani wa matangi mapya. Ufute kwa kidole, utaondoka wenyewe.

Samaki usiwatie siku ya kwanza. Bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa naitraiti, kisha naitreti, huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea kwenye chujio na mchanga. Mimea mingi inayokua hupunguza hatari, kwa sababu inapenda kula amonia moja kwa moja, lakini bado ningeanza na guppy watatu wiki ya tatu, kisha kuongeza kidogokidogo. Samaki wa dhahabu na perege watafyeka bustani yako kama mbuzi. Samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa ni wazuri kupindukia, ila nao wanachimba na kuparua. Ukiwapenda hao, panda anubia juu ya mawe na uishie hapo.

Hatua ya 7: Kulisha, na kusoma jani

Kinyesi cha samaki kina nitrojeni na fosforasi. Kinachokosekana kwa kawaida ni potasiamu na chuma, na kwenye tangi lenye samaki wachache hata nitrojeni.

Kwanza, vitu vya kutoingiza kabisa: urea, CAN, DAP na NPK za shambani. Zote hutoa amonia majini, na kijiko kimoja kinaweza kuua samaki wote kabla hujaamka. Samadi vilevile.

Mbolea ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ndiyo rahisi. Anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa. Kama haipatikani, wakulima wa vitalu nyumba hutumia potasiamu naitreti safi, inayoyeyuka yote. Yeyusha gramu 25 katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Mililita 10 za mchanganyiko huo katika lita 60 zinaongeza kama miligramu 5 za naitreti na 3 za potasiamu kwa kila lita. Mara moja kwa wiki inatosha. Andika jina kwenye chupa na uiweke juu, mbali na watoto. Madini ya chuma tafuta ya aina ya kilieti. Chuma cha kawaida hugeuka kutu majini na mmea haukipati.

Halafu jifunze kusoma jani. Hili ni jambo ambalo likikuingia hutahitaji kumuuliza mtu. Kuna madini ambayo mmea unaweza kuyahamisha: yakipungua, huyatoa kwenye majani ya zamani na kuyapeleka kwa machanga, kama mzazi anayejinyima. Hayo ni nitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesi. Mengine yakishakaa hayatoki tena, hasa chuma na kalsiamu. Kwa hiyo swali la kwanza si "jani lina rangi gani" bali "ni jani la zamani au jipya?"

Jani la zamani likiwa la njano lote na likidondoka, ni nitrojeni. La zamani likiwa na matundu madogo kama lililochomwa sindano, kingo zake zikikauka, ni potasiamu. Likiwa la njano katikati ya mishipa huku mishipa imebaki kijani, na ni la zamani, fikiria magnesi. Dalili hiyohiyo kwenye jani jipya ni chuma. Jani jipya likitoka limepinda na kukunjamana, hasa mahali penye maji ya mvua matupu, ni kalsiamu. Mmea ukidumaa na kuwa kijani kilichokolea, na vitone vigumu vya mwani vikishika majani ya zamani, fosforasi imepungua.

Jani lililoharibika halirudi. Ukishatibu angalia majani yanayofuata, na yape wiki mbili kabla ya kubadilisha kitu kingine.

Hewa ukaa: unaihitaji?

Kwa mimea minne niliyoitaja, hapana. Maji yaliyo wazi kwa hewa hubeba chini ya miligramu 1 ya hewa ukaa kwa lita, na hiyo, pamoja na pumzi za samaki na udongo unaooza taratibu, inawatosha. Ukiongeza taa kali, ndipo unalazimika kufika miligramu 20 hadi 30.

Ukitaka kujaribu bila mtungi, tumia hamira. Chupa ya soda ya lita 2, gramu 200 za sukari, robo kijiko cha chai cha hamira, maji ya vuguvugu hadi robo tatu ya chupa. Toboa kifuniko, pitisha mpira mwembamba, ziba kwa silikoni, upitishe kwenye chupa ndogo yenye maji ya kukamata povu, ndipo uingie tangini kupitia valvu ya kuzuia maji kurudi. Mpira usizibwe kamwe, chupa inaweza kupasuka. Kwenye joto la Pwani huchacha kwa fujo siku za mwanzo na kufa mapema. Iweke kwenye beseni la maji itulie. Asubuhi ukiona samaki wanahemea juu, toa mpira na washa pampu ya hewa mara moja.

Mwani ukija

Utakuja. Punguza taa hadi saa 6, toa kwa mkono kadiri unavyoweza, badilisha nusu ya maji, ongeza Ceratophyllum. Mara nyingi hiyo ndiyo tiba nzima. Nyuzi za kijani zisokote kwa mswaki wa zamani kama tambi. Ndevu nyeusi zinazoshika kingo za anubia zina kiburi zaidi: zima chujio, vuta haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa kwenye sirinji, ipulizie juu yake, isizidi mililita 1 kwa lita 4 za tangi, na subiri dakika 10 kabla ya kuwasha chujio. Zikigeuka nyekundu au nyeupe, zimekufa.

Utando wa kijani-buluu unaonuka na kuchubuka kama ngozi si mwani kamili, ni bakteria. Unyonye kwa mpira, ongeza naitreti kidogo, kisha funika tangi kwa blanketi siku 3 bila mwanga, pampu ya hewa ikiwaka.

Kazi ya kila wiki

Jumamosi, dakika 40. Futa kioo, nyonya uchafu juujuu bila kuchimba palipo na mizizi, toa robo ya maji, rudisha yaliyolala kwenye ndoo, tia mbolea. Sponji ya chujio ikamulie kwenye maji ya tangi uliyotoa. Ukiiosha bombani unaua bakteria uliowangoja wiki sita.

Kupogoa hutegemea mmea. Wenye shina refu kata juu ya pingili na upande kipande ulichokata. Valisneria usiikate katikati ya jani, ncha itaoza. Toa jani zima toka chini, au ng'oa watoto waliozidi ugawie jirani. Anubia ikate shina la tangawizi vipande vyenye majani manne matano kila kimoja, utapata miche mipya.

Masalia usiyatupe mtoni, bwawani wala kwenye mtaro. Gugu maji, asili yake Amerika ya Kusini, lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo wavuvi wa Kisumu kuna siku wanashindwa kutoa mitumbwi. Salvinia na mimea mingine ya kuelea ina tabia hiyohiyo. Yaanike juani mpaka yawe makavu kama majani ya chai, kisha yafukie kwenye tuta. Yale maji ya Jumamosi, kama si ya chumvi, mwagilia mchicha.